Mahali pa Kumi na Nne

Naanza na viatu. Nilipoajiriwa ukarani katika boma la Mwanza nilikuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi nyeusi, nilivyovinunua Tabora kabla ya kupanda treni, na nilivipenda kuliko inavyomfaa mtu mzima kupenda viatu. Nilivifuta kila asubuhi kwa kitambaa chenye mafuta. Sikuvitia kwenye tope, wala mchanga mbichi, wala maji. Mtu akinikanyaga sokoni kwa bahati mbaya nilimkemea kama vile amenivunja mguu. Sasa nimezeeka, natembea pekupeku ndani ya nyumba yangu, na nikiona viatu vimepangwa mlangoni huwa nakumbuka maji ambayo sikutaka kuyaingia.

Sisi wa upande wa Tabora hatukuzaliwa na ziwa. Kwetu maji ni ya kisimani, unayachota, unayafunika, basi. Ziwa la Mwanza lilinitia hofu tangu siku ya kwanza, na hofu hiyo niliificha kwa kujifanya nalidharau. Hata hivyo nilioa binti wa ziwa. Baba yake alikuwa Mkerewe aliyehamia Mwanza siku nyingi, akichukua abiria, muhogo na machungwa kutoka Ukerewe kwa mtumbwi wake mwenyewe. Ulikuwa mtumbwi mkubwa wa kushona: mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja, zilitobolewa pembeni na kushonwa kwa kamba za ukindu, mshono baada ya mshono, kama mkeka. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mke, alikuwa na binti mmoja ambaye ndiye mke wangu, na alikuwa na mtumbwi.

Alifariki kwa homa mwaka wa pili wa ndoa yetu. Ndugu zake walikuja kutoka Ukerewe, wakazika, wakalia nasi siku zao, wakarudi. Siku waliyoondoka nilikuwa ofisini. Nilipopita mwaloni, pale vyombo vilipofungwa, sikuuona tena mtumbwi wa mzee, nikadhani wameondoka nao. Sikumwuliza mtu. Karani hapendi kuuliza jambo ambalo anaona amekwisha kulijua.

Kuhusu mama mkwe lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanakula sinia moja na wakwe zao na kutaniana nao. Kwa watu wa mke wangu, kama kwetu, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani mmoja alikengeuka majanini, mwingine akageuza mgongo. Hawakusemezana, neno likiwapo lilipitia kwa binti. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kumpa mtu, na mama mkwe aliirudisha kwa kipimo kilekile. Nilijua kikohozi chake, nilijua mwendo wake, nilijua mkono wake katika upishi, kwa kuwa kila wiki alituletea samaki wa kukaushwa. Uso wake sikuujua. "Mwambie mkwe," alikuwa akisema kwa binti yake nje ya ua, kwa sauti ambayo alijua naisikia, "samaki huyu ana miiba, asile kama watu wa Tabora wanavyokula nyama." Nilikuwa nacheka peke yangu chumbani. Mama yangu mzazi nilimpoteza nikiwa mdogo sana, na neno lile, mkwe, lilinipa mama wa pili.

Sasa nije kwenye mwalo wenyewe. Pale vyombo vilipotua na kushusha samaki na mizigo palikuwa padogo kuliko watu wake. Nyuma ya mawe makubwa maji yalitulia. Nje ya mawe, mawimbi ya alasiri yaligonganisha vyombo mpaka vikapasuka. Kila mtu alitaka kufunga chombo nyuma ya mawe. Tangu reli ifike vyombo viliongezeka, mashua za wenye maduka, mitumbwi ya wavuvi, mitumbwi ya kuni, na kila asubuhi palikuwa na matusi. Halafu siku moja watu wawili wakapigana kwa makasia, mmoja akapasuka kichwa. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, aliniita akaniambia nitengeneze orodha: nani afunge wapi, kwa haki, kelele ziishe.

Neno haki lilinipanda kichwani. Shuleni nililala miaka minne karibu na mlango wenye upepo, kwa sababu vitanda vya ndani vilikuwa vya wana wa watemi, watawala wa kwetu. Nikaapa kwamba mwalo huu hautakuwa na wana wa watemi. Nilitangaza kwamba nitapita asubuhi tatu mfululizo, wavuvi wakisharudi. Ambaye nitakuta chombo chake mahali pake, anabaki na mahali pake. Aliyesafiri, jirani yake amsemee. Palipo tupu patapigiwa kura kwa wale wasio na mahali, na tajiri atachota kwenye chungu kilekile anachochota maskini. Watu walikubali. Wengine walinisifu mbele yangu, na nakiri kwamba sifa zile zilinikolea.

Nilipaka namba kwa chokaa juu ya mawe ya ukingoni. Nilipofika kwenye jiwe la kumi na nne nilikuta kigingi cha mti mgumu na kipande cha kamba kikiingia majini. Chombo sikukiona. Kamba nilidhani ni mabaki tu.

"Hapa ni pa nani?" niliuliza kwa sauti.

Wavuvi waliokuwa wakitandaza nyavu walitazamana. Mmoja akacheka. "Bwana karani, leo unatuuliza sisi mahali pako mwenyewe?"

Nikaona ni ufedhuli. Nilidhani ananisimanga kwamba makarani hujikatia popote wanapotaka. "Sina mahali hapa," nilimjibu kwa ukali. "Mimi si mtu wa maji."

Wakarudi kwenye nyavu zao. Nikaandika: tupu. Siku ya pili nikaandika tupu, na siku ya tatu pia.

Nisichokijua mimi, na ambacho kila mtu mwaloni alikijua, ni hiki. Mtumbwi wa kushona haukai juani. Ukiuweka nchi kavu siku nyingi mbao husinyaa, kamba hukauka na kukatika, mtumbwi wote ukaachia. Na mwenyewe akifa, hautumiki mpaka msiba uondolewe na ndugu wakae waseme ni nani atakayeuongoza. Kwa hiyo hujazwa mawe na kuzamishwa palepale unapofungwa, ukasubiri chini ya maji. Mtumbwi wa baba mkwe ulikuwa pale mbele ya kigingi, kwenye maji ya kiunoni, yaliyochafuka kwa tope la masika. Ningevua viatu na kuingia hatua sita tu, ningejikwaa juu yake.

Nao ndio uliokuwa riziki ya mama mkwe. Msiba ukishaondolewa, vijana wa Ukerewe wangeuchukua na kuupiga makasia kama zamani, naye angepata fungu lake la muhogo na samaki kila safari, akakaa kwenye nyumba yake bila kumwomba mtu. Bila mtumbwi, na bila mahali pa kuufunga, angekuwa mjane wa kulishwa. Alikuwa mwanamke wa kujiheshimu mno, na hilo la kulishwa lilimtisha kuliko kifo. Haya yote mke wangu alitaka kuniambia.

Alianza jioni ya siku ya kwanza, akisonga ugali. "Mama ana neno," alisema. Siku zote alianza hivyo, na siku zote niliacha nilichokuwa nafanya nikasikiliza. Siku ile niliinua mkono.

"Kama ni la mwaloni, sitaki kulisikia hapa."

"Ni dogo tu, ni habari ya mtum—"

"Nimesema sitaki! Watu watasema karani anapangiwa mwalo jikoni kwake. Neno la mama lipitie kwa mzee wa mtaa, kama la watu wengine."

Akageuza mwiko ndani ya sufuria. Kesho yake alijaribu tena, nikasimama nikatoka nje bila kumaliza chakula. Siku ya tatu alisema, "Basi, nimenyamaza," akanyamaza kweli. Nilijiona mwanamume kamili. Nilijiambia kwamba Bwana Shauri mwenyewe asingeweza kuwa na msimamo kama wangu.

Lakini mama mkwe hangeweza kwenda kwa mzee wa mtaa. Angesema nini? Kwamba mkwe wangu ananinyang'anya mahali pa marehemu? Kumshitaki mkwe mbele ya watu baki ilikuwa aibu isiyosemeka, kwake na kwa binti yake. Kwa hiyo alitafuta njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayoniamsha usingizini mpaka leo.

Baada ya kuhesabu, nilikaa asubuhi tatu kwenye banda la bati pale mwaloni, na meza, na wino, na tarishi wa boma, ili mwenye malalamiko aje aseme. Asubuhi ya mwisho, tarishi alikuwa mlangoni na mimi nilikuwa nanoa kalamu ya risasi. Nikaona wanawake wawili wakija kandokando ya mawe. Wa mbele alikuwa jirani yake mama mkwe, mwanamke mwenye mdomo mwepesi. Wa nyuma alijitanda kaniki nyeusi ya msiba, na mwendo wake niliutambua mara moja. Alisimama nyuma ya jiwe na kunipa mgongo, kama ilivyopasa. Mpango wao ulikuwa mzuri sana kwa adabu: jirani aje mezani aseme kwa niaba yake, naye asimame asikie, asiseme.

Mimi nilivyomwona tu niliruka kwenye kiti. Nilitoka kwa nyuma ya banda, nikasimama nikiutazama ukuta wa bati kwa karibu sana, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nilidhani wanapita kwenda kununua samaki, nami nimewafungia njia. Jua lilikuwa linachoma na bati lilikuwa linatoa joto usoni mwangu, lakini nilivumilia. Nilimsikia tarishi akiwaambia, "Karani ametoka." Nilimsikia jirani akiuliza, "Atarudi lini?" na tarishi akijibu kwamba hajui. Walisubiri. Nami nilisubiri waondoke. Nilikuwa najisemea kwamba hakuna mkwe Mwanza nzima anayemstahi mama mkwe wake kama mimi. Baada ya muda mrefu nilisikia nyayo zao zikirudi mchangani, nikarudi mezani nikajifuta jasho. Nilimwuliza tarishi walitaka nini. Alisema hawakusema.

Kura tulipiga kesho yake. Chungu nilikiazima kwa mama muuza uji, na ndani yake nilitia vijiwe nilivyovichora namba. Kila asiye na mahali alichota kimoja. Kijiwe cha kumi na nne kilitoka mkononi mwa nahodha wa mashua mpya, mali ya mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la nguo na chumvi, na nahodha mwenyewe alikuwa mgeni kutoka upande wa Bukoba. Nilipoitaja ile namba watu walinyamaza ghafla. Nilidhani ni wivu, maana mahali pale palikuwa pazuri kuliko pote. Baadaye waliniambia walichodhani wao: kwamba nimekubaliana na wakwe zangu kupaachia, na kwamba mtumbwi utatolewa na wenyewe. Nani angejiingiza katika mambo ya mtu na wakwe zake?

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. "Nimemaliza," nilimwambia mke wangu. "Hakuna aliyependelewa."

"Pa kumi na nne kapata nani?" aliuliza.

Nilimwambia. Alivua kanga yake ya jikoni, akavaa nyingine, akatoka kwenda kwa mama yake. Sikumfuata. Wawili wale walikubaliana kwamba wanaume wa jirani wakirudi ziwani asubuhi wataombwa waingie majini, watoe mawe, wautoe mtumbwi na kuuhamishia popote. Walihitaji saa chache tu.

Mashua ilifika kabla ya wanaume hao. Nami nilikuwa pale, na orodha yangu mkononi, nimekuja kuona chombo cha kwanza kikifungwa kwa utaratibu mpya. Mashua ilikuwa imejaa magunia ya chumvi, imezama mpaka karibu na ukingo wake. Nahodha alitupa nanga ya chuma kwa nyuma. Nilitegemea kusikia maji tu. Nikasikia mlio mkavu chini ya maji, kama ukuni unapovunjwa juu ya goti. Kisha mashua nzito ikasogea mbele, ikakaa, na mlio ule ukarudia, mara nyingi, polepole. Yule jirani wa mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mawe akiwangoja wanaume. Alipiga yowe nililolijua. Ni lile walilopiga siku baba mkwe alipokata roho.

Walipoivuta nanga ilipanda na ubao. Ubao ulikuwa na matundu pembeni, na kwenye matundu kamba za ukindu zilining'inia zikitiririka maji. Wavuvi waliingia majini wakapapasa kwa miguu yao, wakatazamana, wakatikisa vichwa. Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa pamoja: kicheko cha yule mvuvi, mke wangu na mwiko wake, wanawake wawili nyuma ya jiwe. Nikajikuta natazama viatu vyangu. Vilikuwa vikavu.

Nilikwenda kukaa kwenye banda kwa sababu sikujua pa kwenda. Adhuhuri aliingia mama mkwe. Alikuja peke yake, na ubao kichwani. Tarishi, ambaye alijua habari zetu, alitoka nje mwenyewe bila kuambiwa. Niliinuka nikimbilie nyuma.

"Kaa, kalani," alisema. Kwa watu wake karani ni kalani.

Hakuwa amewahi kunisemesha. Nilikaa na kuinamisha kichwa.

"Nitazame. Kalani huwatazama watu wanaoleta shauri."

Nikatazama. Alikuwa ameiteremsha kaniki mpaka mabegani. Uso wake ulikuwa uso wa mke wangu ulioongezwa miaka, na kovu dogo juu ya nyusi, na macho yaliyokuwa yamelia yakamaliza. Alikuwa mzuri. Miaka miwili nilikuwa sijauona uso ule, na sasa nilitamani ardhi inimeze kuliko kuuona.

Aliuteremsha ubao akauweka juu ya orodha yangu. Maji yakaingia kwenye wino. "Pale ulipoandika tupu palikuwa na hiki," alisema. "Ulisema kila mwenye neno aje aandikiwe. Niandikie."

Nikashika kalamu. Niliandika, chini ya macho yake: ubao mmoja. Alingoja mpaka nikamaliza. Kisha akauchukua, akajitwika, akaondoka bila kujifunika.

Yule mwenye duka alikuja mwenyewe alipopata habari. Alikuwa mtu mpole; alivua kofia yake, akasema mahali anaparudisha siku hiyohiyo, na mbao na misumari atatoa, na fundi pia. Nilimtuma jirani apeleke maneno hayo. Majibu yalikuja kabla ya jua kuchwa: "Mwambieni ahsante. Mtumbwi wa mume wangu haukuwa wa misumari. Na mahali nipewe nifunge nini, nijifunge mimi?" Bwana Shauri naye aliisoma orodha, pamoja na doa lake la wino, akasema ni nzuri, maana tangu itoke hakuna aliyepigana. Nilimweleza yaliyotokea. Alisikitika kwa dakika moja hivi. Kisha akauliza kama mtumbwi ulikuwa unaonekana, nikasema hapana, akasema basi hukukosea. Nilimchukia kwa neno lile, nikajichukia zaidi kwa jinsi lilivyonifariji.

Kwetu mkwe akikosa hupeleka mbuzi. Nilimpata mbuzi mzuri mweusi, nikamwomba mke wangu ampeleke. Alirudi naye jioni, amemfunga kamba ileile.

"Mama anasema mbuzi hupelekwa na mkwe," aliniambia akiutazama mlango. "Anasema Mwanza hana mkwe. Ana kalani."

Msiba ulipoondolewa, ndugu walikuja kutoka Ukerewe kumchukua mama mkwe. Aliuza vyungu vyake na kuifunga nyumba. Nilikwenda mwaloni kumwona akiondoka, nikasimama mbali kidogo, nimegeuza mgongo kama zamani, nikitumaini. Alipofika karibu nilishindwa kuvumilia nikageuka. Alikuwa anapita mbele yangu akinitazama usoni, sawasawa na mtu anavyomtazama askari au muuza chumvi. Hakukengeuka, hakujitanda. Akapanda mtumbwi wa watu. Nimewahi kutukanwa mara nyingi maishani, na mara nyingi nilistahili, lakini hakuna tusi lililoniuma kama kutazamwa kule.

Mke wangu alibaki nami. Alipika, alizaa, alicheka na majirani. Watu walituona tumetulia. Lakini maneno yale mawili matatu, "mama ana neno," hayakutoka tena kinywani mwake. Kila mwaka alisafiri kwenda Ukerewe mara moja au mbili, akarudi, akaweka samaki wa kukaushwa jikoni, na hakusema ni wa nani wala kama wana miiba. Sikuuliza. Niliwala kama dawa.

Miaka ikapita. Siku moja mzee wa mtaa aliingia ofisini kwangu, akavua kofia, akasimama mbele ya meza kama mtu mwenye kesi. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia akae. Hakukaa.

"Marahaba. Karani, nimetumwa na mkeo," alisema. Alionekana kuona haya. "Anasema mama yake ni mgonjwa sana, huenda asipone. Anaomba ruhusa asafiri."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nyumba yangu ilikuwa mwendo wa kuvuta sigara moja tu kutoka ofisini. Nilikwenda mbio, nikamkuta anafunga furushi.

"Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

"Ulisema neno la mama lipitie kwa mzee wa mtaa," alijibu. Hakusema kwa hasira, wala hakuacha kufunga. Miaka yote ile alikuwa ameitii amri yangu, na mimi nilikuwa nimekwisha kuisahau.

Nilimwambia tutakwenda wote. Alisogeza furushi ili nitie nguo zangu. Mwaloni, mtumbwi ulikuwa umesimama kwenye maji ya magotini. Nilivua viatu, nikaviacha kwenye mchanga, nikaingia. Tope lilikuwa laini na la vuguvugu. Mpaka leo sijui viatu vile alivichukua nani.

Huko Ukerewe tulimkuta mama mkwe amelazwa kwenye chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha kamba. Nilibaki mlangoni. Mke wangu aliinama akamwambia sikioni kwamba kuna mgeni.

"Ni nani?" sauti ilikuwa ndogo, lakini ni ileile.

Nilikosa jina la kujiita. Mkwe sikuwa na haki nalo, na karani lisingetoka. "Ni mimi, mama," nikasema. "Wa Mwanza."

Kisha niliona mkono wake ukiinuka, umekonda, ukatafuta upindo wa kaniki, ukaivuta polepole mpaka ikafunika uso wote. Nikajua hataki kuniona, na sikumlaumu. Niligeuka nitoke. Mke wangu alinidaka kifundo cha mkono.

"Kaa," alininong'oneza, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Amejifunika. Kwa karani angejifunika?"

Nikakaa chini pale kizingitini, nikampa mgongo, nikaukabili ukuta wa udongo. Alidumu siku mbili baada ya hapo, na siku zote mbili nilikaa vile. Lakini lile alilosema, alilisema saa ileile ya kwanza, nyuma yangu, akimwambia binti yake kwa sauti ambayo alijua naisikia.

"Mwambie mkwe safari ya Mwanza ni ndefu. Apewe maji."

Nililetewa maji kwenye kibuyu. Niliyanywa nikilia, uso ukutani, na hakuna kati yetu aliyegeuka.